Maji ya mtungini: mwongozo wa anasa ya bei ya chini

Anayetaka anasa bila kuvunja kibubu aanze na maji. Nazungumzia maji yaliyolala usiku kucha ndani ya mtungi wa udongo, yakachotwa kwa kata ya kifuu cha nazi asubuhi, yakanywewa taratibu. Ubaridi wake haukwaruzi koo wala hauumizi meno. Yana harufu ya mbali ya mvua ya kwanza inapopiga ardhi iliyokauka miezi. Na yanapoa umeme ukiwepo, ukikatika, hata kama nguzo haijawahi kufika mtaani kwenu.

Wengi wetu tuliokulia mjini tunaujua mtungi kama pambo la hotelini, au kama kitu kilichobaki kwa bibi kijijini. Hapa nataka kuurudisha ndani ya nyumba ufanye kazi. Nasema msimamo wangu mapema: kitu cha bei nafuu hakifurahishi kwa unafuu wake. Kinafurahisha pale kinapokudai kidogo, yaani ukisugue, ukijaze, ukihamishe upepo ukigeuka. Friji halikudai kitu ila luku, na ndiyo maana sijasikia mtu akiyasifu maji yake.

Hatua ya 1: Tafuta mtungi wa maji, siyo chungu cha maua

Vinavyopangwa kando ya barabara kubwa za Dar es Salaam mara nyingi ni vyungu vya maua. Vingine ni vya saruji, vingine vimetobolewa kitako, vingine vimepakwa rangi ya mafuta. Hivyo havifai. Unachotaka ni udongo mtupu uliochomwa, usio na rangi wala vanishi, kwa sababu kazi yote ya mtungi hufanywa na vitundu vidogo visivyoonekana vilivyomo kwenye ukuta wake, na rangi huviziba. Isitoshe, vyombo vya udongo vyenye rangi ya kung'aa usiyojua imetoka wapi huweza kuwa na madini ya risasi, na hayo hayafai kukaa karibu na maji ya kunywa.

Waulizie wauza vyungu wa sokoni, wale wanaoweka mitungi, vyetezo, vikaango na majiko ya udongo mahali pamoja. Ukiwa na ndugu Kyela au Tukuyu una bahati. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vyenye kuta nyembamba ajabu, na kwa miaka mingi vyungu hivyo vimekuwa vikivushwa kwa mitumbwi mpaka Matema kabla ya kupanda magari kuelekea Mbeya na kwingineko. Kwa walio Kenya, masoko ya Kisumu na maeneo ya Nyanza kwa jumla yana mitungi ya wafinyanzi wa Kijaluo. Wenye jamaa Oman huenda wameiona jahla, mtungi unaoning'inizwa upenuni ili upepo uupige pande zote. Mji wa Bahla unasifika kwa ufinyanzi tangu zamani sana. Akili ni ile ile, kamba tu ndiyo imeongezeka.

Kwa familia ya watu wanne au watano, mtungi wa lita 10 hadi 15 unatosha. Mkubwa zaidi ya hapo utakushinda siku ya kuusafisha, kwani lita 20 za maji peke yake ni kilo 20, bado udongo wenyewe. Bei hutegemea ukubwa na umbali uliosafiri, lakini mara nyingi haifiki ya kuku wa kienyeji.

Sasa kuupima. Muuzaji anayejiamini hakukatazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu mitungi."

"Huu umeiva?"

"Gonga mwenyewe usikie."

Ugonge kwa kifundo cha kidole ukiwa umekaa juu ya ngata au kiganjani, usiegemee mwenzake. Mtungi mzima ulioiva motoni hulia, na mlio hukaa kidogo hewani kabla ya kupotea. Wenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Gonga ukizunguka, usisahau kitako. Kisha uinue juani uchungulie ndani: ukiona hata ncha ya mwanga, urudishe chini kwa adabu na ushike mwingine. Jaribio la tatu ni la tone la maji. Lidondoshe kwenye ubavu wa nje. Likinywewa upesi, vitundu viko wazi. Likibaki limetuna pale pale, mtungi umepakwa kitu au umesuguliwa mno na hautapoza vizuri.

Mabaka meusi yasikutishe. Mitungi mingi huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na nyasi, na pale ambapo hewa haikupita udongo hubaki mweusi. Mimi huyapenda hayo kuliko wekundu ulio sawa mwili mzima.

Mdomo wa mtungi unahitaji fikra kidogo. Ukiwa mpana, kila mkono wa nyumba utaingia humo. Ukiwa mwembamba sana, hutaweza kusugua ndani. Chukua ule unaopitisha mkono wako uliokunjwa ngumi, basi. Ukibahatika kuuona wenye bomba chini, ununue bila kubishana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kule Nyanza, wafinyanzi wanawake walishirikiana na shirika la CARE kutengeneza mitungi ya namna hiyo, yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba, ili watu wasilazimike kuacha mtungi wanaoupenda kwa ajili ya ndoo ya plastiki.

Hatua ya 2: Uzoeshe maji

Mtungi mpya hauanzi kunyweshewa wageni siku hiyo hiyo. Usuuze kwa maji matupu, ujaze pomoni, uache nje kutwa na usiku kucha. Asubuhi mwagia maua maji hayo. Rudia mara mbili au tatu, mpaka maji yaache ladha ya vumbi na ibaki ile harufu nzuri tu.

Sabuni usiitumie, si leo wala mwakani. Udongo unainywa, kisha unakurudishia kidogo kidogo ndani ya kila kikombe.

Hapa ndipo ilipo raha ya kwanza, na watu huipita wakikimbilia kuosha vyombo vingine. Maji yanapougusa mtungi mkavu kwa mara ya kwanza, inamisha uso karibu na mdomo wake uvute pumzi. Utasikia mlio mdogo wa hewa ikitoka kwenye vitundu, na harufu ile ya vuli ya kwanza itapanda yote kwa pamoja. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliandika katika jarida la Nature kuhusu harufu hii ya udongo mkavu unaoloweshwa. Wahindi wa mji wa Kannauj walikuwa tayari wanaiuza kwenye vichupa: huchukua vipande vya udongo uliochomwa, huvikeneka kwa mvuke na kuinasa harufu yake ndani ya mafuta ya msandali, ikawa atari. Wewe umeipata bure ukiwa umechuchumaa uani.

Siku za mwanzo mtungi utatoka jasho jingi na huenda ukadondosha. Usiuhukumu mapema, maana chembe ndogo za udongo hujipanga na kuziba njia zilizo pana kupita kiasi. Ila ikipita wiki na bado unaacha dimbwi sakafuni, huo hauna budi kwenda bustanini, na bustanini kuna kazi nzuri tu, tutaifikia.

Hatua ya 3: Utafutie mahali pake

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa na wengi. Mtungi huwekwa kwenye kona ya jiko, nyuma ya mlango, penye giza na hewa iliyotuama, halafu mtu analalamika kwamba maji hayapoi. Yatapoaje?

Maji hupenya ukuta wa mtungi kidogo kidogo, yanafika nje, yanageuka mvuke. Kugeuka mvuke kunahitaji joto, na joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki ndani. Kila gramu moja inayoondoka hubeba juli 2,400 hivi. Kupunguza lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunataka kuondoa juli 4,200 hivi. Piga hesabu kwa mtungi wa lita 10: zikiondoka gramu 100, ambazo ni kama nusu glasi, zinatosha kuyashusha maji yote kwa nyuzi tano na kitu, kama hakuna joto jipya lililoingia kutoka nje. Ndiyo maana jua lisiuguse, na ndiyo maana unahitaji upepo, ili mvuke uliotoka uondolewe upishe mwingine.

Kupata mahali penyewe huhitaji kifaa. Lowesha mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko, uzunguke nao nyumbani kwako saa nane mchana: barazani, koridoni, chini ya dirisha la kaskazini, upenuni nyuma. Simama kila mahali mpaka uhisi. Pale ambapo mkono umepata ubaridi mkali kuliko kwingine, hapo ndipo mtungi utakaa, kwa kuwa ngozi yako iliyolowa na ukuta wa mtungi vinapozwa kwa njia moja. Watoto wanaipenda sana kazi hii. Wape nao waloweshe mikono yao, mtabishana, na mara nyingi wao watakuwa sahihi.

Usiukalishe juu ya sakafu tupu. Chini yake weka karai au sinia lenye mchanga safi, ukandamize mtungi katikati ukae imara. Mchanga utanyonya jasho linaloshuka na wenyewe utakuwa unapoza kitako. Pembezoni mwa karai panda mnanaa au mrehani. Mmea utanyweshwa na mtungi, hutahitaji kuukumbuka.

Mahali unapoishi pana neno lake pia. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na mtungi uliokaa vizuri unaweza kushusha maji nyuzi nane au zaidi chini ya joto la mchana. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa imeshiba unyevu, kwa hiyo tegemea nyuzi tatu au nne, na wakati wa masika hata hizo ni za kubahatisha. Kusi kikivuma, kuanzia Juni na kuendelea, mtungi wa pwani unaamka. Mtu wa pwani anayetaka maji ya barafu atabaki na friji lake. Anayetaka maji yanayonyweka, nyuzi tatu zinamtosha kabisa, kwani tofauti ya maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 27 mdomoni ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Maji yaingie yakiwa tayari ni salama

Niseme wazi, kwa kuwa kuna imani kinyume: mtungi wa kawaida unapoza, hausafishi. Maji machafu ukiyaweka mtungini yatakuwa maji machafu ya baridi. Mtungi unaochuja vijidudu ni chombo kingine, hutengenezwa maalumu kwa kazi hiyo.

Chemsha maji yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Walio kwenye miinuko ya mita 2,000 na zaidi, kama Limuru, wafanye dakika tatu. Yaache yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Usimimine maji ya moto mtungini hata ukiwa na haraka ya namna gani, utaupasua. Anayetumia dawa ya klorini aiweke kwenye ndoo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, asubiri nusu saa, kisha ahamishie mtungini yale yatakayonywewa leo na kesho tu, maana ndani ya udongo klorini huisha nguvu mapema kuliko ndani ya plastiki.

Funika. Kibia cha udongo ndicho kinachopendeza, na sahani ya bati inatosha. Juu yake tandika kitambaa cheupe kilicholoweshwa, nacho kitasaidia kupoza.

Hatua ya 5: Tengeneza kata yako

Unaweza kuinunua, lakini kuitengeneza ni mchezo wa alasiri moja na hauna gharama ila nazi uliyokuwa unakwenda kuikuna hata hivyo.

Chagua nazi iliyokomaa, yenye kifuu kizito. Badala ya kuivunja katikati, ikate kwa msumeno wa chuma karibu na juu, ibaki kikombe chenye kina. Kifuu kilichokatwa katikati kinakuwa kifupi mno kwa kuchotea mtungini, hicho kiache kiwe upawa wa mchuzi. Ikune nazi yenyewe ndani mpaka ufikie kifuu, sugua nje na ndani kwa kigae cha chupa (vaa kitambaa mkononi), malizia kwa msasa. Toboa tundu moja karibu na ukingo na jingine upande wa pili, chini kidogo ya la kwanza. Pitisha kijiti cha mpera kilichochongwa kikakaza. Mti wa mpera haupasuki ovyo, na ukilowa hauna ladha. Ichemshe kata mara moja kabla ya kuitumia.

Ukitaka ing'ae, ipake mafuta ya nazi nje tu, uisugue kwa kitambaa kikavu. Rangi itatoka kahawia iliyoiva, yenye mistari. Kuna maduka ya watalii yanayouza vitu vya kifuu vya namna hii kwa bei ya kuchekesha.

Sheria ya kata ni moja na haina mjadala kwa mkubwa wala mdogo: kata haigusi mdomo. Inachota, inamimina kikombeni, inarudi kwenye ndoano yake ukutani. Isilale chini, isielee ndani ya mtungi, na asiichovye mwenye mkono uliotoka kupaa samaki. Pwani na bara, bibi zetu walilishikilia jambo hili kwa ukali, na walikuwa na haki. Maji mengi yaliyochemshwa vizuri huchafuliwa na vikombe na vidole vya wenyewe nyumbani.

Hatua ya 6: Ufukize, ukipenda

Hii si ya lazima, lakini ukiiruka umejinyima. Baadhi ya nyumba za pwani hufukiza mtungi kabla ya kuujaza, hasa Ramadhani au kukiwa na ugeni.

Mtungi uwe mkavu. Tia makaa mawili matatu kwenye chetezo, yakishika sawasawa weka punje chache za ubani safi. Ule uliochanganywa na vikorokoro vya rangi uache dukani. Moshi ukianza kupanda, pindua mtungi juu yake kwa kuuegemeza kwenye matofali mawili, mdomo chini, usigusane na makaa. Dakika tano zinatosha. Uinue ukiwa bado umeufunika kwa kiganja, uache upoe kabisa, ndipo umimine maji. Usiku mmoja baadaye maji yatakuwa na harufu ambayo mgeni hataweza kuitaja, atauliza tu, "Haya maji mmeyatia nini?"

Wengine huelekeza nguvu kwenye asumini: maua machache yaliyooshwa, yanaelea kwenye jagi dakika chache kabla ya kunywa, kisha yanaondolewa. Wengine tone la marashi ya waridi ya kulika. Usichanganye yote. Ubani na asumini ndani ya mtungi mmoja ni ugomvi.

Hatua ya 7: Kunywa

Utashangaa kwa nini kunywa maji kuwe ni hatua. Ni kwa sababu tumezoea kunywa tumesimama mbele ya friji, mlango uko wazi, jicho liko kwenye simu.

Kaa. Tumia kikombe unachokipenda. Mimi nashikilia kikombe cha bati, kwa kuwa ubaridi unafika mdomoni kabla ya maji yenyewe, ila wapo wanaoapa kwa glasi nyembamba. Mimina kwa kata kutoka juu kidogo, uyasikie yakianguka. Nusa kwanza. Funda la kwanza liache likae ulimini. Kama umetoka juani, subiri jasho likauke kidogo ndipo unywe, utayaonja zaidi.

Jaribu na hili siku ya mapumziko: panga vikombe vitatu, kimoja cha maji ya mtungini, cha pili cha friji, cha tatu cha maji yale yale yaliyokaa kwenye ndoo ya plastiki. Mfumbe macho mtu wa nyumbani, umnyweshe kwa zamu. Sijaona mtu aliyekosa kukitambua cha mtungini. Alichopenda zaidi ni shauri lake, na vijana wengi watachagua cha friji bila aibu. Sawa. Lengo ni kugundua kwamba maji yana ladha, jambo ambalo mtu anaweza kuishi miaka arobaini bila kulifikiria.

Mgeni akiingia, maji yatangulie chai. Mletee kikombe kwenye sahani, kwa mkono wa kulia au miwili, usimuulize kama ana kiu. Wazee hasa watanyamaza kidogo baada ya funda la kwanza, halafu zitaanza hadithi za mtungi wa kwao, nani alikuwa anaujaza, na nani alichapwa kwa kuuvunja. Mwenyeji huna kazi tena mchana huo.

Usafi wa kila wiki

Mara moja kwa wiki, bila kukosa, umwage wote, usugue ndani kwa makumbi ya nazi au dodoki na maji safi, uanike juani ukauke kabisa, kisha uujaze upya. Kama una uwezo, kuwa na mitungi miwili ipokezane.

Sababu si kutunza ladha tu. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi, anapenda sana maji safi yaliyotulia nyumbani, na hubandika mayai yake ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga peke yake hakusaidii. Ni lazima ukuta usuguliwe. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 wanaijua dengi bila kuelezwa. Mtungi uliofunikwa vizuri na kusuguliwa kila wiki haumpi mbu nafasi.

Baada ya miezi kadhaa unaweza kuona mtungi umeacha kutoka jasho na maji hayapoi kama zamani. Ni chumvi na chokaa za maji zimejaa kwenye vitundu, utaziona nje zimetanda weupe. Dodoma na kwingineko kwenye maji magumu hutokea mapema. Uloweke kwa maji yenye ndimu au siki kutwa moja, usugue ndani na nje, usuuze mara kadhaa. Ukirudi hali yake, vyema. Ukikataa, umeshatumikia.

Mtungi wa pili: nyanya na mchicha

Ukishaonja kazi ya mtungi mmoja, utatamani huu pia. Chukua chungu kikubwa cha udongo, ndani yake weka kidogo chake, ujaze mchanga kwenye nafasi iliyo kati, umwagie maji asubuhi na jioni, kisha funika kwa kitambaa kilicholowa. Ndani ya chungu kidogo weka nyanya, bilinganya, pilipili hoho, mchicha. Mwalimu wa Nijeria, Mohammed Bah Abba, aliwatengenezea wakulima wa jimbo la Jigawa vyungu hivi katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Katika majaribio yake iliripotiwa bilinganya zilikaa siku 27 badala ya 3. Kwa hali ya hewa ya pwani usitarajie hivyo. Singida, Dodoma, Turkana au Garissa jaribu, utaona.

Mchanga ukikauka, kazi imesimama, kwa hiyo mpe mtoto mmoja wa nyumbani awe mwenye zamu ya kuumwagilia.

Mtungi ukipasuka au ukizeeka

Ufa wa mdomoni hauna neno, endelea nao. Ufa wa tumboni unaupeleka bustanini, pamoja na ule uliogoma kuacha kuvuja na ule ulioziba. Ule uliopasuka vipande, vunjavunja uweke vigae chini ya makopo ya maua ili maji yapite.

Ule unaovuja ndio wenye kazi kubwa. Uchimbie katikati ya tuta mpaka shingoni, mdomo ubaki juu ya udongo, ujaze maji na uufunike kwa kigae au jiwe bapa. Maji yatapenya taratibu kuelekea kwenye mizizi, kwa kadiri ardhi inavyokauka. Panda bamia, nyanya au mchicha kuuzunguka, si mbali zaidi ya urefu wa mkono mpaka kiwiko. Ardhi ikiwa ya kichanga, panda karibu zaidi, maana maji hushuka chini badala ya kutambaa pembeni. Chungulia kila baada ya siku mbili tatu, na ukikuta umepungua hadi nusu, ongeza.